Mlinzi wa korongo ni jirani

Msomaji, ukisikia neno korongo unafikiria nini? Wengi wenu mlio mijini mtasema ni yule ndege wa miguu mirefu anayetembea kwa madaha kando ya maji. Mkulima naye atakuonyesha mfereji uliochimbwa na mvua katikati ya shamba lake. Wote hamjakosea. Lakini yuko korongo wa tatu, na huyo ndiye aliyenifanya nifunge safari hadi nyanda za Ziwa Viktoria, katika kaunti za Homa Bay na Migori.

Korongo huyu ni mnyama wa jamii ya paa na swala, ila usimdhanie kuwa mdogo. Yeye ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa jamii hiyo, ingawa pofu anamzidi. Dume lililokomaa laweza kufikia uzito wa kilo 300. Rangi yake ni ya kahawia iliyofifia, pembe zake zimepinda kuelekea nyuma kama mundu, masikio yake ni marefu na yana vishada nchani, na uso wake una madoa meupe na meusi utadhani amevaa kinyago cha ngoma.

Katika Kenya nzima, korongo wa aina hii amebaki mahali pamoja tu: Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Katika miaka ya 1970 walikuwako zaidi ya 200 bondeni humo. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 15. Wangekuwa abiria, matatu moja ya watu 14 ingewabeba, akabaki mmoja tu kituoni.

Yafaa nitoboe ukweli mapema: korongo hajatoweka duniani. Jirani zetu Tanzania bado wanao, na Afrika Magharibi pia wapo. Lakini mtoto wa Kenya anayetaka kumwona korongo bila kuvuka mpaka ana mlango mmoja tu wa kubisha. Mlango huo ukifungwa, umefungwa.

Basi twende pamoja, nikakuonyeshe ni nani anayeushikilia usifungwe.

NJIA YA KUFIKA

Kutoka Nairobi zipo njia mbili. Waweza kupitia Narok na Kisii hadi Rongo, kisha ukaingia Homa Bay. Au ukazunguka na Kisumu, ukapita Ahero na Katito, ukaambaa na ziwa kupitia Kendu Bay. Njia ya pili ni ndefu ila ina upepo wa ziwa na samaki wa kukaanga, na watoto hawatachoka kuuliza majina ya milima.

Ukifika mjini Homa Bay, shika barabara ya kuelekea Rongo hadi soko la Rodi Kopany. Hapo ndipo panapogawanya njia. Unapinda kuelekea Mirogi, na kutoka Mirogi waingia bondeni hadi lango la mbuga. Upande mmoja unaona ukingo wa Kanyamwa ukisimama kama ukuta. Upande wa pili, kuelekea ziwani, ni milima ya Gwassi. Katikati yake bonde limejilaza, limejaa nyasi ndefu na migunga, na mto Lambwe ukilipasua.

Neno moja la tahadhari. Udongo wa Lambwe ni ule mweusi wa kunata. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Mvua ikinyesha, hugeuka ugali. Mimi niliambiwa hayo, nikajifanya mjuaji. Mvua ya saa moja tu ilitosha kulizamisha gari letu hadi ekseli. Waliotutoa ni vijana waliokuwa wakichunga ng'ombe kando ya barabara, pamoja na mzee mmoja aliyekuja na jembe lake. Baada ya jasho la nusu saa, mzee yule hakuniuliza nimetoka wapi wala nitamlipa nini. Aliuliza kama tulibahatika kumwona yule mnyama wa masikio marefu. Nilipomwambia hatujamwona, alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyesikia kuwa mgeni wake ameondoka bila kupewa chai.

Swali la mzee yule lilinifuata hadi Nairobi. Nilikuwa nimezoea kusikia kwamba watu wanaoishi karibu na mbuga huwachukia wanyama. Hapa palikuwa na mtu anayemwulizia korongo hali kama aulizavyo hali ya mtoto wa jirani.

UKUTA WA KWANZA

Ili umwelewe mzee yule, inafaa uanzie mbali kidogo. Kutoka upande ule ule wa Rodi Kopany na Mirogi, ukipita Ndhiwa, utafika Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori. Ukitokea mjini Migori, ni mwendo wa kilomita 46 hivi kuelekea kaskazini magharibi.

Thimlich Ohinga ni boma la mawe makavu. Hakuna saruji wala udongo uliotumika kuyagandisha. Jiwe limekaa juu ya jiwe kwa ustadi tu, na mahali pengine kuta zina urefu unaozidi mita nne. Wataalamu wanasema huenda lilijengwa katika karne ya 16, na jamii mbalimbali zimepata kuishi humo kwa zamu, kila moja ikirekebisha kuta ilizozikuta. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliitia Thimlich Ohinga katika orodha ya Turathi za Dunia.

Jina lenyewe la Kijaluo linatupa picha ya msitu mnene wa kutisha, na ngome. Simama katika mlango wa boma uone jinsi ulivyo mwembamba. Kuta hizi zilikuwa kinga dhidi ya wezi wa mifugo, na pia dhidi ya wanyama wakali waliozurura usiku. Watu walilala ndani, wanyama wakatawala nje.

Sasa rudi Ruma. Huko utakuta uzio wa umeme, na mambo yamegeuka. Aliyezungushiwa ua leo ni mnyama, na anayezuiwa asiingie ni binadamu. Ama kweli dunia ni duara! Kati ya ukuta wa Thimlich na uzio wa Ruma kumepita karne kadhaa, na katika kipindi hicho mlinzi wa bonde hili alikuwa kiumbe ambaye hungemdhania.

ASKARI MWENYE MABAWA

Askari wa kwanza wa Ruma alikuwa mbung'o. Naam, inzi yule anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliwaua watu wengi sana kando ya Ziwa Viktoria, hasa upande wa Uganda, ambako inakadiriwa zaidi ya watu 200,000 walikufa. Fuo na visiwa vikahamwa. Bonde la Lambwe likaogopwa. Mtu mwenye ng'ombe wake watano hangethubutu kuwapeleka wakale nyasi hizo nzuri, kwa maana wangerudi wamekonda na kufa mmoja mmoja.

Ndiyo sababu korongo, kongoni, taya, twiga na nyati wa bonde hili wamepata mahali pa kuishi huku kila upande mwingine ukijaa mashamba. Mbung'o aliwawekea binadamu marufuku ambayo hakuna serikali ingeweza kuisimamia vizuri zaidi. Mwaka 1966 bonde lilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, nia kuu ikiwa kumlinda korongo, na mwaka 1983 likapandishwa cheo na kuwa mbuga ya kitaifa yenye ukubwa wa kilomita 120 mraba. Inasemekana jina la Ruma ni la mganga mmoja wa kale aliyeogopwa sana katika nchi hiyo.

Lakini msomaji, usiusifu ulinzi wa mbung'o kabla ya kuwauliza waliolipa gharama yake. Wakazi wa Lambwe walizika watu wao. Miaka ya 1980 ilipoanza malale yaliwashambulia tena. Kwao, mbuga ilikuwa ghala la ugonjwa, na mnyama wa porini alikuwa mwenye kulea inzi.

Hapo ndipo inapoanza habari ya watu kujitolea, nayo haikuanza kwa kuwapenda wanyama hata kidogo. Kule Mbita, ukingoni mwa ziwa, kuna kituo cha utafiti cha ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoasisiwa mwaka 1970 na Mkenya Profesa Thomas Odhiambo. Wataalamu wake waliunda mtego wa mbung'o ulio rahisi: kitambaa cha rangi ya buluu na nyeusi, wavu wa kunasia, na chambo ambacho sehemu yake ni mkojo wa ng'ombe. Mbung'o huvutwa na rangi hizo na harufu hiyo, akadhani amempata mnyama, kumbe ameingia gerezani. Katika miaka ya 1990 watafiti hao walishirikiana na wanavijiji wa Lambwe kuona kama wenyeji wenyewe wanaweza kushona mitego, kuitega na kuitunza. Mwenye cherehani alishona, mwenye ng'ombe alileta mkojo, kijana mwenye miguu mepesi alikwenda kukagua. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Vita hivyo, vilivyopiganwa na wengi katika sehemu nyingi za nchi, vimezaa matunda. Kisa cha mwisho cha mwenyeji kuambukizwa malale humu Kenya kilirekodiwa mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kuwa malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini. Hiyo ni habari ya kushangiliwa na kila mzazi.

Ila kwa korongo ina upande wa pili. Askari mwenye mabawa akiondoka, bonde lenye nyasi nzuri na ardhi nyeusi yenye rutuba linabaki bila wa kuliogopesha. Ukisafiri kutoka Awendo hadi Ndhiwa utaona miwa imeenea vilimani, na malori yaliyobeba shehena hiyo yakiyumba barabarani. Watu wameongezeka, malisho yamepungua. Nani basi atalinda zamu iliyoachwa na mbung'o?

WAYA WA AINA MBILI

Jibu la haraka ni uzio. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) limezungushia mbuga uzio wa umeme, na kazi yake inaonekana. Nyati hawatoki ovyo kula mahindi ya watu. Tena, kuanzia mwaka 2011 na 2012, Ruma imekuwa makao ya vifaru weusi na weupe waliohamishiwa huko, na kifaru hawekwi mahali pasipo na ulinzi.

Lakini waya wa uzio una ndugu yake. Ni waya mwembamba uliokunjwa kitanzi, ukafungwa kwenye kichaka kando ya njia ya wanyama. Hauna kelele kama bunduki, wala hauhitaji pesa. Mwenye kuutega huenda alikuwa akimwinda tohe au taya apate kitoweo. Waya hauchagui. Korongo akipitisha shingo au mguu, kadiri anavyojivuta ndivyo kitanzi kinavyokaza. Uwindaji wa mitego ya namna hii ni miongoni mwa mambo makuu yaliyowamaliza korongo wa Ruma.

Fikiria pia jinsi anavyozaliana. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi tisa, sawa na mama zetu, na huzaa ndama mmoja. Ndama huyo hufichwa katika nyasi ndefu kwa majuma kadhaa, mama akija kumnyonyesha na kuondoka. Fisi na chui wanamtafuta. Moto ukiwaka kwa bahati mbaya, hana pa kukimbilia. Katika kundi la watu 15, akifa jike mmoja kwa waya wa senti tano, mmepoteza sehemu kubwa ya kesho yenu.

Je, si rahisi kuwahamisha wachache wakaishi kwingine? Jambo hilo lilipata kujaribiwa. Katika miaka ya 1970 korongo kutoka vilima vya Ithanga, karibu na Thika, walipelekwa Shimba Hills kule Pwani. Leo huko Shimba utampata palahala, binamu yake mweusi, lakini korongo hayuko. Hata Maasai Mara walikuwako zamani, wakaisha. Kwa hivyo tumebaki na Ruma.

Kuung'oa waya wa mtego si kazi ya umeme. Ni kazi ya macho na miguu. Watu hujipanga mstari, wakaachana hatua chache, wakatembea polepole wakiinamisha vichwa. Hutazama chini ya vichaka, penye njia nyembamba za wanyama, na hasa penye nafasi kati ya miti miwili. Kila kitanzi hufunguliwa, kikahesabiwa na kubebwa, maana ukikiacha hapo mwingine atakitumia kesho. Askari wa KWS wachache hawawezi kuzikagua kilomita 120 mraba peke yao. Anayejua ni kichaka kipi kina njia mpya, nani ameonekana akinunua waya sokoni, na nyumba gani imenuka nyama bila kuchinja, ni mtu wa kijiji kile.

Ndiyo maana nasema mlinzi wa korongo ni jirani. Uzio humzuia mgeni asiyejua njia. Mwenyeji anajua njia zote, na hakuna umeme unaoweza kumzuia mtu aliyeamua. Kinachomzuia ni yeye mwenyewe, na majirani zake.

MKONO MTUPU HAULAMBWI

Hata hivyo, tusiwageuze wenyeji kuwa malaika. Nao wana matumbo na karo za shule. Fisi akimnyakua mbuzi wa mjane, mjane huyo hawezi kuambiwa ajivunie turathi za taifa. Kule fuoni, kutoka Karungu hadi Muhuru Bay katika Kaunti ya Migori, kiboko hutoka majini usiku na kukifyeka kishamba cha mahindi kwa mlo mmoja.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ilileta mambo mawili ya maana. Kwanza, ilianzisha kamati katika kila kaunti, zenye wawakilishi wa wananchi, za kushughulikia uhifadhi na fidia. Familia ya mtu aliyeuawa na mnyama iliwekewa fidia ya Sh5 milioni, na mwenye kupoteza mazao au mifugo naye akapewa haki ya kudai. Pili, sheria hiyo inatambua walinzi wa heshima na makundi ya jamii, yaani watu wasio waajiriwa wa serikali wanaosaidia kazi hii.

Mambo haya ni mazuri kwenye karatasi. Katika nchi nzima, kilio kikubwa kimekuwa kuchelewa kwa fidia. Mtu hungoja miaka hadi sahau inaingia. Na fidia inapochelewa, waya wa mtego hauchelewi. Kila siku ambayo faili la mjane linalala kwenye kabati, korongo mmoja anakuwa hatarini. Wakubwa wanaosoma ukurasa huu Jumapili ya leo walitafakari hilo.

Ziwani kuna mfano unaofaa kuigwa. Kwa kanuni za mwaka 2007, kila ufuo una kikundi cha usimamizi, maarufu kama BMU, ambacho wavuvi, wachuuzi wa omena na wenye mashua hujichagulia viongozi wao. Wao wenyewe husaidia kulinda mahali samaki wanapozalia na kukataza nyavu zenye matundu madogo. Si vyote vinavyofanya kazi sawasawa, na ugomvi haukosi. Lakini kanuni yake ni ya busara: anayekula samaki kesho ndiye mwenye sababu ya kumlinda leo.

ULINZI WA WAZEE WETU

Na tusidhani kwamba kushirikiana na wanyama ni jambo lililoletwa na semina. Miongoni mwa Wakuria wa Migori, koo zina wanyama wao wanaoheshimiwa kama nembo. Mwenye ukoo hamdhuru mnyama wake. Kabla ya sheria yoyote kupigwa chapa, mtoto alifundishwa na bibi yake kando ya moto kwamba mnyama fulani haguswi.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa sherehe, kikongwe mmoja alifika akiomba hifadhi na chakula, akafukuzwa kama mbwa. Mama mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Kikongwe akamwambia aondoke na jamaa yake, kisha mvua ikanyesha hadi kijiji kikazama. Leo, katika misimu mingine, heroe huja kulipamba ziwa hilo kwa rangi ya waridi, na tangu mwaka 2000 ni hifadhi ya kitaifa. Simulizi hiyo imewafanya watu waliheshimu Simbi vizazi na vizazi.

Ng'ambo kidogo tu, huko Nyakach katika Kaunti ya Kisumu, wengi mnakumbuka habari za Omieri, chatu aliyeaminika kuleta mvua na neema. Mwaka 1987 aliungua katika moto wa kichaka, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa, na zogo lake likafika hadi Bungeni. Kwingineko chatu angeuawa kwa mawe. Nyakach alililiwa.

Sikwambii uamini kwamba chatu huleta mvua. Ninachosema ni kwamba pale ambapo watu wamemfanya mnyama kuwa sehemu ya habari zao, wanampigania bila kungoja mshahara. Korongo hana hadithi maarufu kama ya Omieri. Labda hiyo ndiyo kazi iliyosalia, nayo yaweza kufanywa na mwanafunzi mwenye kalamu.

ZAMU YAKO

Wanafunzi, nawageukia ninyi. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianza mwaka 1968, na mbegu yake ilipandwa na wanafunzi. Kama shule yenu haina klabu, mwulizeni mwalimu kwa nini. Tena Ruma si korongo tu. Kuanzia Aprili hadi Septemba hufika mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayezaliana nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na kusini mwa Afrika, kisha akaja kupumzika kwenye nyasi za Lambwe. Kumtazama ndege, kumhesabu na kuandika tarehe ni utafiti unaohitaji daftari, kalamu na subira. Shirika la Nature Kenya limekuwa likiwashirikisha watu wa kawaida katika kazi za namna hiyo miaka mingi.

Nanyi wazazi, likizo ijayo msikimbilie kule kila mtu anakokimbilia. Ruma haina msongamano wa magari. Mtaona twiga wakivuka njia bila haraka, kongoni wamesimama juu ya vichuguu kama walinzi, na taya, yule paa mdogo mwembamba, wakichomoka kwenye nyasi kila baada ya hatua chache. Nunueni ndizi na samaki katika soko la pale pale. Mkodini mwenyeji awaongoze Thimlich. Shilingi inayobaki Mirogi ni sehemu ya ulinzi wa korongo, hata kama haikupita katika ofisi yoyote.

Niliahidi kutoboa ukweli, basi nimalizie vivyo hivyo. Siku zangu mbili mbugani sikumwona korongo. Niliona nyasi ndefu zikitikisika, nikashika pumzi, na aliyetokea ni tohe. Kijana aliyekuwa akituongoza alisema tusikate tamaa, wapo, ila ni wachache na bonde ni pana.

Wakati wa kuondoka tulipita tena pale gari lilipozama. Udongo ulikuwa umekauka, na alama za magurudumu yetu zilikuwa bado zinaonekana, pamoja na nyayo za wale waliotusukuma. Mzee sikumkuta. Nilitamani kumwambia kwamba sikumwona mnyama wake wa masikio marefu, lakini nitarudi, na safari ijayo nitakuja na wanangu.

Namwomba Mungu kwamba tutakaporudi, mwongozaji atasema bado wapo.